Trela la mtumba lililomfikisha Mama kambini

Hapa Minnesota, Marekani, watu huanza kuzungumzia kambi barafu ikiwa bado haijayeyuka ziwani, na kila mwaka watoto wetu walikuwa wakirudi kutoka shuleni na habari za wenzao waliolala msituni. Kilichotuzuia sisi ni magoti ya mama yangu, ambaye tangu aje kukaa nasi kutoka Korogwe hawezi kuinuka kutoka sakafuni bila kushikwa mkono, na hema la kawaida lina maana ya kulala chini. Kumwacha peke yake nyumbani halikuwa jambo la kujadiliwa. Ndipo mume wangu alipopendekeza tutafute trela dogo la kukunjwa, lile ambalo likifungwa ni sanduku fupi nyuma ya gari, lakini ukizungusha mpini wake paa hupanda, vitanda viwili huvutwa nje mbele na nyuma, na kuta za turubai husimama.

Bei ya trela jipya ilituzidi, kwa hiyo tulitafuta lililokwisha kutumika. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu familia kadhaa tunazosali nazo zimeniuliza tulilichaguaje. Adui mkubwa wa trela kuukuu ni maji. Rangi ya nje inaweza kung'aa huku mbao za sakafu na pembe za paa zimekwisha kuoza kwa uvujaji wa miaka mingi, na gharama ya kuzitengeneza huweza kuipita bei ya trela lenyewe. Mume wangu alipiga magoti akabonyeza sakafu yote kwa kidole gumba, hasa mlangoni na chini ya sinki, kwa kuwa ubao mzima hukataa kidole, lakini uliooza hubonyea na kutoa harufu ya ukungu hata ukifunikwa kwa zulia jipya. Mimi nilisimama ndani, trela likiwa limefunguliwa lote, nikalitazama turubai likipigwa na jua kutoka nje, nikitafuta vitundu vinavyopitisha mwanga na madoa meusi kwenye mikunjo. Muuzaji asiyekubali kulifungua trela lake lote mbele yako ni wa kuagwa kwa heshima.

Tairi nazo zinahitaji jicho la pekee, maana tairi la trela, kwa kukaa muda mrefu bila kutembea, huzeeka kabla halijawa kipara. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne zinazotaja tarehe ya kutengenezwa: 2314, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi la umri huo silitaki barabara kuu likiwa limebeba vitanda vya watoto wangu. Tulibadilisha yote, tukatia grisi mpya kwenye beringi za magurudumu, tukajaribu taa za breki na indiketa. Kuhusu mzigo, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela inapaswa kuegemea kwenye kiungio cha gari, kwani vitu vizito vikirundikwa nyuma, trela huanza kuyumba mwendo unapoongezeka.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Itasca, hifadhi ya jimbo iliyoanzishwa mwaka 1891, ambako mto Mississippi huanzia ziwani. Mto huo, unaosafiri zaidi ya kilomita 3,700 hadi Ghuba ya Meksiko, pale una upana wa mita chache tu, na watoto huuvuka kwa kukanyaga mawe. Mama, aliyekulia kando ya mto Pangani, alivua viatu, akaingiza miguu majini huku mjukuu wake mkubwa akimshika kiwiko, akasema, "Kumbe na huu huanza kama kijito cha shambani." Usiku alilala kitandani, juu ya godoro, akisikia misonobari kama sisi sote, na asubuhi ndiye aliyetangulia kuamka na kuwasha jiko la gesi kwa ajili ya chai ya tangawizi. Chakula chote tulikihifadhi garini, kwa sababu msitu ule una dubu weusi, na turubai haliwezi kumzuia dubu aliyenusa pilau.

Msimu ujao tunakusudia kwenda Gooseberry Falls, kwenye ufuko wa Ziwa Superior, na kwa kuwa nafasi za kambi katika hifadhi za jimbo huanza kuwekwa siku 120 kabla ya kufika, kalenda imekwisha kutiwa alama. Usiku wa huko huwa baridi hata mwezi wa Julai, kwa hiyo kabla ya kuondoka fundi atakikagua kipasha joto cha gesi cha trela, nasi tutabadilisha king'ora cha kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa maana kilichopo kimepitwa na muda wake.