Kwa baiskeli kutoka Makunduchi hadi Michamvi, kwa saa za maji

Rafiki zangu huniuliza ni barabara ipi inayomfaa mwendesha baiskeli katika pwani ya mashariki ya Unguja, nami huwajibu kwa kuwauliza kwanza leo ni mwezi ngapi. Baadhi yao hudhani ninawatania.

Njia yenyewe ni fupi, takriban kilomita 35, kuanzia Makunduchi kupitia Jambiani, Paje na Bwejuu hadi kwenye ncha ya rasi ya Michamvi. Lami ipo, na anayetaka kufika tu atafika. Lakini kwa sehemu kubwa lami hiyo hupita nyuma ya vijiji, kati ya vichaka vya maweni, ambako bahari huioni wala huisikii. Uzuri wa safari hii uko ufukweni, na ufukweni mwenye amri ni maji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapotimia, maji ya upande huu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, mchanga uliolowa ukawa mgumu kama sakafu, na baiskeli hupita bila kuzama. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, ukanda huo mgumu huwa mwembamba, na katika mchanga mkavu utaikokota baiskeli kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Lipo pia suala la upepo: wakati wa kusi, upepo utokao kusini, anayetoka Makunduchi kwenda kaskazini husukumwa mgongoni njia nzima, ilhali anayeanzia Michamvi hulipia kila kilomita.

Mara ya mwisho niliondoka Makunduchi saa moja na nusu asubuhi, siku chache baada ya Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya ya huko, nikafuata lami hadi Jambiani na hapo nikateremka pwani. Maji yalikuwa yamekwenda mbali karibu na mwamba, na wanawake walikuwa wameinama katika mashamba yao ya mwani, ambayo kwa mbali huonekana kama mistari ya daftari: vigingi vya miti vimekitwa mchangani, kamba zimevutwa kati yake, na kila shina limefungwa kwa kijikamba chake. Kilimo hiki cha biashara kilianza upande huu mwaka 1989, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino, na kiliwapa wanawake wengi fedha zao wenyewe. Siku hizi maji ya kina kifupi hupata joto kali, na aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi hufa kabla ya kuvunwa.

Nilimwamkia bibi mmoja aliyekuwa akiburuta gunia lililojaa.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Pita juu huko, usije ukanikatia kamba. Na usikawie, maji hayamngoji mtu.”

Nilikawia. Jiwe la tumbawe lilitoboa tairi la nyuma kabla sijafika mwisho wa Jambiani, kijiji ambacho ni kirefu kuliko mgeni anavyodhani, nikaikokota baiskeli hadi kwa fundi mmoja aliyeketi chini ya mkungu na beseni lake la maji. Alitoa tyubu, akaizamisha, akatazama povu, akakwangua na kubandika kiraka bila haraka yoyote. “Pancha si kitu, kaka,” aliniambia. “Chumvi ndiyo itakayoula mnyororo wako. Ukifika tu, uoshe kwa maji baridi, kisha uupake mafuta.”

Paje niliipita upesi. Watalii wanaoteleza juu ya maji kwa tiara kubwa wanapendeza kuwatazama, lakini kuta za hoteli zimesogezwa mno baharini, kiasi kwamba maji yakijaa mpita njia hana budi kurudi barabarani, na sioni kwa nini mwenyeji anyimwe njia aliyoirithi. Bwejuu nilisimama kwa ajili ya harufu. Hapo makumbi ya nazi hufukiwa mchangani kwa miezi mingi, panapofikiwa na maji, kisha hufukuliwa, hupigwa kwa magongo na kusokotwa kamba za usumba. Ni harufu nzito ya kuoza ambayo wageni huiziba pua, nami hunikumbusha ua wa nyumba ya bibi yangu.

Ilipofika saa saba mawimbi yalikuwa yakilamba magurudumu, nikarudi kwenye lami kwa kipande kilichobaki. Rasi ya Michamvi ni nyembamba: Pingwe inatazama bahari kuu, na Kae, ng'ambo ya pili, inatazama ghuba ya Chwaka na mikoko yake, kwa hiyo hapo ndipo mtu wa pwani ya mashariki anapoweza kuliona jua likizama majini. Kabla halijazama nilimwomba mwenyeji wangu ndoo ya maji baridi ya kuoshea mnyororo. Alicheka, akachota kisimani, akaniambia nionje kwanza. Yalikuwa ya chumvi.