Nilivyopima njia za kisheria baada ya kupigwa tochi

Trafiki aliyenisimamisha karibu na Morogoro alinionyesha picha kwenye simu: gari langu, namba zinasomeka vizuri, mwendo kilomita 71 kwa saa. Tochi, yaani kifaa cha kupima mwendo wa magari, alikuwa nayo mwenzake huko nyuma, picha imetumwa kwa WhatsApp. "Umepita kwenye hamsini na sabini na moja. Naomba leseni."

Nilimpa leseni, nikaomba niitazame picha tena. Pembeni ya gari ulionekana ukuta wa kituo cha mafuta ambacho nilikumbuka kukipita baada ya kibao cha kumaliza 50, yaani kinachoonyesha mwisho wa eneo la mwendo wa 50. Nikamwambia, "Afande, mbona hapa nilikuwa nimeshatoka kwenye hamsini?" Akasema picha ndiyo hiyo, kama nakataa twende kituoni.

Neno hilo huwatisha madereva wengi, na ndiyo sababu naandika haya. Kwenda kituoni ni haki yako, wala si adhabu. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa 1973, katika kifungu cha 95 inamruhusu askari kukuandikia faini ili jambo liishie hapo, lakini kwa sharti kwamba wewe mwenyewe unakubali kosa. Usipokubali, anayeamua ni hakimu.

Shemeji yangu ni wakili, nikampigia. Jambo la kwanza aliloniambia: "Shemeji, usisaini kitu kwanza." Tukaanza kupima.

Kulipa kulikuwa rahisi kuliko yote. Faini ya gari wakati ule ilikuwa shilingi 30,000 (ya bodaboda na bajaji ilishushwa hadi 10,000 mwaka 2021), na unapewa namba ya kumbukumbu, unalipa kwa simu, safari inaendelea. Ila kulipa ni kukiri, na mimi nilikuwa na hoja.

Mahakamani hoja yangu ilikuwa na nguvu. Ukikana kosa, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha bila kuacha shaka. Aliyeshika tochi angelazimika kuja kusema alisimama wapi, na picha iliyopita kwenye simu mbili ingepimwa kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Shida ni kwamba kesi husikilizwa kosa linapodaiwa kutendeka. Mimi naishi Dar es Salaam, karibu kilomita 190 kutoka hapo. Dhamana, wadhamini, kesi kutajwa, kuahirishwa, shahidi hajafika: kila tarehe ni siku nzima ya kazi imekwenda. Shemeji alinionya pia kwamba nikichoka katikati na kukiri ili niondoke, siwezi tena kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Ninachoweza kupinga ni adhabu tu.

Kutoa kitu kidogo hakukuwemo kwenye mizani. Sheria ya rushwa ya 2007 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea, na hata isingekuwepo nisingetoa.

Iliyobaki ni kumwona mkubwa wao wa usalama barabarani. Nilipenda njia hii kwa sababu haikufunga nyingine: akinikatalia, mlango wa mahakama uko wazi, na wa kulipa pia. Nadhani hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu, wanaanza na hatua isiyorudi nyuma.

Kabla ya kwenda kituoni niliomba turudi hadi kwenye kibao. Nikarekodi video kwa simu, bila kukata, kutoka kibao cha kumaliza 50 mpaka ukuta wa kituo cha mafuta. Askari alikubali bila ubishi, na namshukuru kwa hilo.

Mkubwa alitusikiliza wote wawili. Nilieleza kwa kifupi, sikumtuhumu mtu, nikaweka video kando ya picha. Akampigia aliyekuwa na tochi, akamuuliza alisimama wapi. Kisha akamwambia yule askari, "Mrudishie mzee leseni yake."

Picha ingekuwa imepigwa kabla ya kibao, ningelipa siku hiyohiyo. Na kama nisingekuwa na ushahidi wowote zaidi ya neno langu dhidi ya picha yao, nadhani ningelipa pia, kwa uchungu, kwa sababu ya ile safari ya mahakamani. Jioni niliingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya faini, maana deni usilolijua huongezeka likikawia. Halikuwepo.