Mpwa wa fundi saa

Dada aliniuliza swali Jumapili, leo ni Ijumaa, na bado limenikaa kooni. Alikuwa amefika sura ya kumi na nne ya muswada wa riwaya yangu. Akaulaza mapajani, akauliza:

"Huyu mpwa wa fundi saa ametokea wapi?"

"Alihitajika, Dada."

"Alihitajika na nani?"

Basi. Simu ya Kaka ikaingia hapohapo, kumbe ule uhamisho umepita na anaondoka mwisho wa mwezi, nyumba nzima ikageuka pongezi na hesabu za mizigo. Dada hakumrudia tena mpwa. Mimi ndiye sijaondoka pale.

Mnajua Dada anavyosoma. Hana haraka, hasifii ili apendwe, na tangu utotoni hajaniuliza swali ambalo hataki jibu lake. Ndiyo maana limeniuma. Angesema kitabu kimekuwa kirefu ningejitetea, maana hoja za urefu ninazo za kutosha. Yeye urefu hakuugusa. Alimshika mtu mmoja tu begani akataka kujua kaitwa na nani, nami sikuwa na la kumjibu.

Nimekuwa nikiirudia sauti yake nikiosha vyombo, nikiwa kwenye foleni, nikiwa kitandani. Kuna mara naisikia kama ya msomaji aliyechoka, aliyepewa kurasa nyingi kuliko alizoahidiwa, anayeshangaa kuletewa mgeni mwingine wakati hata wenyeji hajawazoea. Kuna mara naisikia ya dada mtu, anayeniona ninavyomzungusha fundi saa huku na huku ili siku ngumu ya hadithi isifike. Na kuna mara naisikia ikiwa na udadisi mtupu, bila lawama yoyote, na hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi, kwa sababu udadisi mtupu unastahili jibu la kweli.

Kwa mnaokumbuka, mpango ulikuwa maneno 60,000. Mtu mmoja, msimu mmoja: fundi saa mzee aliyekwisha kuacha kazi analetewa saa ya mfukoni aliyoitengeneza ujanani, anafungua mfuniko wa nyuma, anakuta kitu kinachomwondolea amani. Sasa nina maneno 104,000 na mwenye saa bado hajabisha hodi mara ya pili kuja kuichukua. Mke wa fundi amepata utoto wake. Mpangaji wa ghorofani amepata madeni. Mpwa aliingia sura ya kumi na moja na mfuko begani, na tangu hapo hakuna ukurasa unaopita bila yeye.

Hugo na Nebula, tuzo za hadithi za kisayansi na njozi, huiita kazi riwaya kuanzia maneno 40,000, na kipimo hicho kiliwekwa kwa Kiingereza. Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo hizi 104,000 zangu ni nzito kuliko zinavyoonekana. Niliacha kuangalia ile namba chini ya skrini. Ilikuwa inanipa hofu bila kunipa kazi ya kufanya.

Wenzangu wa kuandika hunifariji na Thomas Mann, mwandishi Mjerumani. Mwaka 1912 alikwenda Davos, Uswisi, mkewe alikokuwa akitibiwa mapafu, na mwaka uliofuata akaanza hadithi aliyotaka iwe fupi na ya kuchekesha. Hadithi hiyo ikawa riwaya, Der Zauberberg (Mlima wa Uchawi), ikatoka 1924, juzuu mbili. Ni kisa kizuri, lakini mimi hakinifai kitu. Tunakijua kwa sababu kitabu kilifika. Miswada iliyovimba ikafia kwenye droo hakuna anayetusimulia, na aliye katikati ya safari hana namna ya kujua wake utafika au utafia njiani.

Jumatatu nilijaribu kumtoa mpwa. Nilinakili faili, nikamfuta sura ya kumi na moja na ya kumi na mbili, nikaunganisha kingo. Zikashikana vizuri sana. Fundi anaamka, anafungua dirisha, anakaa kwenye benchi lake, hakuna pengo. Nilihuzunika kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nimemzoea yule kijana, anavyovuta pumzi kabla ya kusema uongo, anavyokunja mikono ya shati la mjomba wake lisilomtosha. Nikafunga kompyuta nikaenda kulala mapema, swali la Dada likiwa limekwisha kupata jibu baya: hakuhitajika na mtu.

Jumatano Baba aliruhusiwa kutoka hospitali, tukamfikisha kwake salama, na usiku huo, usingizi ukiwa mbali, nilitandaza vikaratasi sakafuni, kila sura na chake. Kwenye kila kimoja niliandika jambo moja tu: ni nini kimebadilika kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho. Si kilichotokea, kilichobadilika. Mengi yanaweza kutokea na kila mtu akabaki alipokuwa.

Vikaratasi vitatu vilibaki vitupu. Kimoja ni cha sura ya saba, ile ya mvua. Fundi amekaa dirishani anakumbuka. Sura inakwisha, fundi yuko dirishani anakumbuka. Sura hiyo ina aya moja ya matone yanavyofukuzana kwenye kioo, tone dogo linasimama hadi jingine lilifikie, kisha yanateremka pamoja, na sijaandika aya nzuri kuliko hiyo mwaka huu. Niliisoma kwa sauti, nikaihamishia kwenye faili ninaloliita ghala. Mle hakifutwi kitu. Ghala linanipa ujasiri wa kukata ambao kitufe cha kufuta hakijawahi kunipa.

Halafu nikafika kwenye kikaratasi cha mpwa.

Mafundi saa wengi wa zamani walikuwa wakikwaruza alama ndani ya mfuniko wa nyuma walipohudumia saa: tarehe, herufi, namba ya kazi, kwa mkono mdogo mno kiasi kwamba mwenye saa angeweza kuivaa maisha yake yote asizione. Fundi atakayeifungua baadaye ndiye anayezisoma. Fundi wangu anakuta alama yake mwenyewe, mkono wake kabisa, na ule mkia anaoupinda kushoto, ila tarehe yake ni ya miaka sita baada ya yeye kuacha kazi. Hilo nililipanga tangu siku ya kwanza. Aliyeikwaruza sikumpanga. Kwenye karatasi ya mpango pameandikwa "mtu fulani".

Nikarudi sura ya kumi na moja. Mpwa amesimama kwenye kiwiko cha mjomba wake, anamshikia taa. Sura ya kumi na mbili anaazima kile kijichuma chenye ncha na kuchezea kipande cha shaba, anachora, anafuta kwa kidole gumba, anachora tena. Niliyaandika haya nikidhani nampa kijana kitu cha kushika. Kumbe mikono yake ilikuwa inajifunza, na inajifunza ule mkia unaopinda kushoto.

Nilisimama. Nilitaka kumwamsha mtu. Aliyemhitaji mpwa ni ile alama. Bila yeye ni kitendawili kisicho na mtegaji, na fundi angekuwa anamtafuta mtu fulani hadi ukurasa wa mwisho. Maneno 60,000 yalikuwa urefu wa kitabu ambacho mzee anagundua kitu. Hiki ninachokiandika ni cha mzee anayegundua kwamba aliyemwibia jina ni mtu aliyemfundisha kwa upendo, na upendo huo lazima msomaji auone ukitokea, jioni baada ya jioni, kabla haujamuumiza.

Ndipo nikamkumbuka Tolstoy, mwandishi Mrusi, ambaye ananifaa kuliko Mann. Alitaka kuandika juu ya mtu anayerudi kutoka uhamishoni Siberia mwaka 1856. Ili amwelewe akarudi 1825, mwaka wa maasi ya maofisa dhidi ya mfalme wa Urusi, yaliyompeleka uhamishoni. Ili aielewe 1825 akautaka ujana wa mtu huyo mwaka 1812, Napoleon alipoivamia Urusi. Kutoka hapo akarudi hadi 1805, na hapo ndipo Vita na Amani inapoanzia. Inakwisha kabla hata ya kufika 1825. Kila aliporudi nyuma palikuwa na mtu aliyemtuma huko. Nafikiri hicho ndicho kipimo, kuliko idadi ya maneno. Utoto wa mke wa fundi, kwa mfano, nimeutafutia mwenye kuuhitaji usiku mzima na nimejipata mimi peke yangu. Utaingia ghalani pamoja na mvua.

Jana nikaandika sura ya mwisho, nikiziruka zote za katikati. Sasa najua ninakokwenda, na nimeapa sitarudi sura ya kwanza kulainisha sentensi mpaka nikanyage hapo. Nimemwandikia mhariri pia, kabla hajaniuliza. Aliwahi kunieleza kwamba kurasa huchapwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16 au 32, na kila fungu linaloongezeka lina gharama yake, hivyo si haki akutane na urefu huu siku ya kukabidhi. Nimemwambia makadirio mapya ni 120,000 na sababu yake ni mtu mmoja. Hajajibu. Nina amani na hilo.

Kwa Dada nilituma ujumbe mrefu mno, wote ni wa mpwa, alama, kijichuma na kipande cha shaba. Nikamwandikia wazi: amehitajika na alama. Alijibu baada ya saa kadhaa:

"Hapo nimemwelewa, mdogo wangu. Nimempenda hata. Na mpangaji wa ghorofani je?"

Nimekisoma kijiujumbe hicho mara nyingi leo, na safari hii hakiumi. Nimechukua kikaratasi kipya, nimeandika "mpangaji" juu yake, nimekiegemeza kwenye taa. Madeni yake yanamgusa nani? Bado sina jibu, lakini nina swali zuri la kuanzia nalo Jumatatu.

Kinachonisumbua jioni hii ni kingine kabisa. Mwanangu anasogeza daftari karibu na pua akiandika, na leo nilimwona akikunja uso kusoma saa ya ukutani. Anasema anaona vizuri. Mwaka jana alisema hivyohivyo kuhusu jino, na mnakumbuka tulivyokesha. Nimempangia kupima macho wiki ijayo, na kesho asubuhi nitampigia mwalimu wake nimuulize anakaa dawati la ngapi darasani, na kama huwa anasimama kunakili ya ubaoni.