Pedi za kupunga mkono: bolingi ndiyo, ngumi hapana

Vijana wa hapa Mwanga, Kigoma, wanaoshinda kwenye vibanda vya PS (PlayStation) wana msimamo mmoja tu, kwamba gemu ya kupunga mkono, ile unayocheza kwa kupunga pedi hewani, ni ya watoto, gemu ya ukweli ni pedi ya vitufe na ile gemu ya mpira ya FIFA basi. Mi sikubali, na nimeamua niandike kwa kirefu maana kila tukibishana mtu anakatiza "aah hiyo kitu haifanyi kazi" bila kusema haifanyi kazi wapi. Kwenye michezo mingine inafanya kazi vizuri mno, kwenye mingine inafeli kabisa, na sababu zake zinaeleweka kabisa ukikaa ukaangalia.

Nyumbani tuna Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, binamu yangu aliipata used Dar akaja nayo na treni. Mashine ya zamani, ilitoka Novemba 2006, na nchi nyingi waliiuza na Wii Sports humo humo kwenye boksi, yenye tenisi, besiboli, bolingi (ule wa kuviringisha mpira uangushe vibao), gofu na ngumi. Nakala zaidi ya milioni 82 zimeenda, kwahiyo anayesema watu hawakuipenda aanzie hapo. Unachoshika ni rimoti, ndani yake kuna akselerometa, kidude kinachopima mwendo wa mkono unavyoongezeka kasi au kupungua, mbele nyuma, juu chini, kushoto kulia. Kinahisi na mvutano wa dunia pia, ndo maana ukitulia kinajua umekiinamisha vipi. Shida inaanza ukipunga kwa nguvu, mvutano na mwendo vinachanganyika na rimoti haiwezi tena kutenganisha kipi ni kipi.

Ukishalielewa hilo unajua kwanini bolingi ndo bora kuliko zote mle ndani. Unashikilia kitufe cha B, unarudisha mkono nyuma, unauleta mbele, unaachia B mpira unaondoka. Mwendo mmoja, mpole, umesimama sehemu moja. Ukikunja kiganja wakati unaachia, mpira unakata kona, na mashine inalipata hilo karibu kila mara. Mama yangu hajawahi kushika pedi ya PS, vile vitufe vyote vinamchanganya na hataki hata kuelekezwa, lakini bolingi alielewa bila kufundishwa na saizi anamfunga binamu. Kigoma nzima sijawahi kuona ukumbi wa bolingi, mama hajawahi kuona mpira wenyewe kwa macho, ila anajua kabisa akikunja kiganja kidogo vile vibao vya kulia vinaenda chini. Kwangu mimi hiyo ndo maana ya kitu kufanya kazi, mtu anafanya anachodhani ni sahihi na mashine inamjibu sahihi.

Tenisi ya Wii Sports watu wanaisema vibaya kwasababu unaweza ukakaa kwenye kochi ukatikisa kiganja tu na ukashinda. Ni kweli unaweza. Mchezaji wako anakimbia mwenyewe, kazi yako wewe ni kupiga kwa wakati, ukiwahi mpira unakatisha uwanja, ukichelewa unaenda upande mwingine. Lakini jamani kupiga kwa wakati ndo nusu ya tenisi yenyewe! Waliotengeneza walijua rimoti yao inaweza kusoma nini, wakachukua hicho hicho wakakijengea mchezo, mengine wakayaacha. Naiheshimu sana hiyo akili.

Ngumi sasa. Hapa mi nawaunga mkono vijana wa kibanda. Unarusha ngumi mbili tatu za haraka, kwenye TV jamaa yako anarusha moja, tena kwa kujivuta, na ukitaka kushinda inabidi ujifunze kupiga taratibu, kitu ambacho ni kinyume kabisa na ngumi. Ile michanganyiko niliyosema hapo juu ndo inaua, ngumi ni haraka, fupi, zinafuatana, na akselerometa peke yake haina jibu.

Mwaka 2009 walileta MotionPlus, kiplagi kidogo unachochomeka chini ya rimoti, ndani kina jairoskopu inayopima mkono unavyozunguka, na mwaka huo huo ikaja Wii Sports Resort. Kuna tofauti kubwa sana aisee. Tenisi ya meza ya humo, raketi kwenye TV inageuka jinsi kiganja chako kinavyogeuka, unaweza ukausugua mpira ukazunguka na mwenzio akaukosa. Kulenga kwa upinde ndo napenda kuliko vyote, rimoti umeisimamisha mkono mmoja, mwingine unavuta nyuma ile pedi ndogo ya pili inayochomekwa kwenye rimoti kwa waya, unatuliza pumzi, unaachia. Mkono ukitetemeka mshale unatetemeka. Kasoro yake jairoskopu inahama kidogo kidogo, baada ya muda unakuta upanga au upinde unaelekea pembeni na wewe umenyooka, kwahiyo gemu inakuomba uiweke rimoti mezani itulie, na inabidi ukubali.

2010 wenzao wakaja. Sony na PlayStation Move, ile yenye kimpira kinachowaka juu, kamera inakifuatilia hicho kimpira, na kwa kuangalia kinavyoonekana kikubwa au kidogo inajua uko karibu au mbali. Kwa usahihi wa kujua mkono uko wapi hii ilikuwa juu. Microsoft wakaja na Kinect ambayo hushiki kitu, kamera inasoma mwili mzima. Rafiki yangu anayo Ujiji na kila nikienda nakutana na mambo mawili, kwanza kuna kuchelewa kati ya mwili wako na picha, kidogo tu lakini kwenye mchezo wa mpira kidogo hicho ndo goli, pili inataka usimame kama mita mbili hivi kutoka kwenye kamera na hakuna kitu katikati. Sebule zetu hizi zenye makochi seti nzima na meza katikati, kila siku ni kuhamisha fanicha.

Mpira wa miguu ndo mtihani mkubwa kuliko yote, na ndo unaotuhusu zaidi huku. Mpira unataka ukimbie na upige kwa mguu, na chumbani huwezi kukimbia. Nintendo Switch Sports ya 2022 walijaribu kwa kufunga kipedi kwenye paja kwa mkanda, mwanzoni ilikuwa penalti tu, Julai mwaka huo huo wakaruhusu mguu hadi kwenye mechi kamili. Penalti nakubali, maana ni bolingi ile ile, umesimama, mwendo mmoja. Mechi nzima hapana.

Kuna gemu moja ilipatia na watu wameisahau, Pro Evolution Soccer 2008 ya Wii. Wale hawakukuambia upige mpira. Unaelekeza rimoti kwenye TV, unamshika mchezaji unamvuta aende nafasi, unamshika na mwingine asiye na mpira unampeleka nyuma ya beki, halafu unatoa pasi kwenye uwazi kabisa mahali ulipoelekeza. Kupiga shuti unatikisa ile pedi ya mkono wa pili. Unacheza ukiwa na akili ya kocha na kiungo kwa pamoja, na sijaona pedi ya vitufe inayokupa uhuru huo wa kumtuma mtu asiye na mpira. Ila kuelekeza kunategemea kile kifimbo kinachokaa juu au chini ya TV, chetu waya ulikatika, tukaweka mishumaa miwili kwa kuachanisha kidogo na ikafanya kazi, kwasababu kile kifimbo hakitumi taarifa yoyote, ni taa za infraredi tu, mwanga usioonekana kwa macho, kamera yenyewe iko kwenye pua ya rimoti, na moto wa mshumaa nao unatoa infraredi.

Siku hizi kampuni zinatengeneza gemu za mpira kila mwaka na hakuna anayeitumia tena ile njia, inaniuma kweli. Diski yetu imekwaruzika, inagoma katikati ya mechi. Kama kuna mtu Kigoma hapa, iwe Mwanga, Ujiji au Gungu, anayo PES 2008 ya Wii imekaa tu kabatini, aniachie komenti hapo chini, nainunua.