Rola kosta yangu ya kwanza iliyojaza foleni

Kila anayeanza kucheza RollerCoaster Tycoon 2, mchezo wa kompyuta wa kujenga na kuendesha bustani ya burudani, huambiwa kwamba rola kosta nzuri ni ile inayopanda juu kuliko zote na kukimbia kuliko zote. Nami niliambiwa hivyo, nikaamini, na kwa majuma matatu ushauri huo ulinimalizia karibu mkopo wote wa bustani. Bado unanikera, maana watu walionipa hawakuwahi kunionyesha hata rola kosta moja ya kwao yenye wateja.

Nilipandisha reli ya chuma hadi mita 50, nikaishusha kwa mteremko mmoja mrefu, na treni ikafika chini ikiwa na kasi ya takriban kilomita 110 kwa saa. Kwa kuwa eneo lilikuwa finyu, papo hapo chini ya mteremko niliweka kona ya kushoto iliyo bapa, isiyolazwa hata kidogo, yaani reli yake haikuinama kuelekea ndani ya kona. Treni ilipomaliza mzunguko wa majaribio, dirisha la vipimo, ambamo mchezo huipa kila rola kosta alama za msisimko, ukali na kichefuchefu, lilionyesha ukali unaozidi 24, kichefuchefu cha kutisha, na msisimko wa 0.84 tu. Nilifungua milango hata hivyo, nikitumaini kwamba wageni wangevutiwa na urefu ule. Walifika langoni mmoja mmoja, wakaitazama, wakageuka na kwenda zao, huku kila niliyemfungulia dirisha la mawazo akisema kwamba hawezi kupanda kitu kikali namna ile.

Nikashauriwa nipande miti na kuweka sanamu kando ya reli. Nikashauriwa nipunguze kiingilio. Nilifanya yote mawili, na mabehewa yakaendelea kuzunguka matupu. Ushauri wa tatu ulikuwa kuweka breki kabla ya kona, na huo angalau ulikuwa na mantiki, kwa sababu nguvu ya pembeni, ile inayomsukuma abiria upande treni inapokata kona, ilishuka mara moja. Lakini treni iliyopunguzwa mwendo pale chini haikubaki na nguvu ya kuvuka kilima kilichofuata: ilipanda hadi karibu na kilele, ikasita, ikarudi kinyumenyume, ikabaki ikiyumba bondeni mpaka ikatulia. Niliijenga upya sehemu ile mara nne, kila mara nikikishusha kilima kidogo, hadi rola kosta nzima ikawa mteremko mmoja unaofuatwa na reli inayotambaa.

Jibu lilikuwa kwenye grafu, ambayo hakuna aliyewahi kunitajia. Katika dirisha la rola kosta kuna grafu za kasi, mwinuko, nguvu ya G (msukumo anaousikia abiria, ukilinganishwa na uzito wake) ya wima na nguvu ya G ya pembeni, zinazochorwa kadiri treni inavyosafiri. Niliiacha dirishani ile ya pembeni huku nikiifuatilia treni kwa macho, na mstari ukaruka juu mahali pamoja tu, kwenye kona ile, ukapita 3.10. Hapo ndipo nilipoelewa hesabu ya mchezo wenyewe. Nguvu ya pembeni ikizidi 2.80, ukali na kichefuchefu huongezewa adhabu, ikizidi 3.10, msisimko hukatwa nusu na ukali hurundikiwa pointi nyingi zaidi. Kisha ukali ukifika 10 msisimko hupoteza robo, ukifika 11 hupoteza robo ya kilichobaki, na kuna vizingiti vingine vitatu vya namna hiyo mbele yake. Kona moja ya sekunde mbili ilikuwa imeiua kazi yangu yote.

Nguvu inayomsukuma abiria pembeni hukua kadiri kasi inavyoongezeka, kwa hiyo treni ikipunguza mwendo, nguvu hiyo hupungua. Breki hupunguza mwendo kwa kuutupa. Kilima huupunguza kwa kuuweka akiba, na treni ikishuka upande wa pili huurudishiwa karibu wote. Basi niliondoa kona kule chini, nikaacha mteremko uendelee moja kwa moja hadi kwenye kilima cha mita 35, na kona nikaiweka kileleni, pana na iliyolazwa. Pale juu treni hupita kwa kilomita 60 hivi kwa saa. Nguvu ya pembeni ikashuka hadi 1.9, na baada ya kona mabehewa yakadondoka tena kwa kasi ileile niliyokuwa nikiipoteza kwa breki. Niliurudia mpango huo hadi mwisho wa reli: kasi chini, kona juu. Nilipoipitisha reli ndani ya handaki lililo chini ya njia ya watembeaji, kisha karibu na maji, vipimo vikatulia kwenye msisimko wa 8.1 na ukali wa 8.9. Foleni ikajaa kabla sijamaliza kupanga kiingilio.

Furaha hiyo iliingiliwa mara moja. Niliongeza treni ya pili na ya tatu bila kugawa reli, breki za kituo zikaharibika, na treni iliyokuwa ikirudi ikaigonga kwa kasi treni nyingine iliyokuwa ikipakia abiria. Anayetaka treni zaidi ya moja achague uendeshaji wa vipande, ambao hugawa reli ili kila kipande kiwe na treni moja tu kwa wakati mmoja, na aweke breki za vipande kabla tu ya kituo, ili treni iingie taratibu hata mafundi wakichelewa. Idadi ya treni hubaki pungufu ya vipande kwa moja. Niliijenga upya hivyo, nikauhifadhi mchoro wake, na sasa ndio ninaouweka kwanza katika kila bustani mpya ninayoianza.