Siku Moja Maishani Mwangu: Kwapa la Tawi

Saa 11:40 alfajiri. Chai ya rangi na kiporo cha viazi, kisha natoka Ipagala, hapa Dodoma, kabla upepo haujaamka. Mimi ni mchoraji wa majengo, na wiki hii nguzo moja imeninyima usingizi: nguzo ya chuma yenye mkono uliotokeza pembeni, wa kubeba paa la kivuli uwanjani kwa watoto wa shule.

Saa 1:15. Karakana, Nzuguni. Sampuli tuliyoitundikia mifuko minane ya saruji, kilo 400, imepasuka kwapani, pale mkono unapokutana na nguzo kwa juu. Fundi anataka tuongeze bamba nene. Nakataa. Kona kali ikibaki, mkazo, yaani nguvu inayokivuta chuma, utaendelea kurundikana hapohapo, na upepo wa Dodoma wa kiangazi hauchoki kutikisa.

Saa 3. Nje kuna mbuyu. Nasimama chini yake muda mrefu, natazama kwapa la tawi nene kuliko mwili wangu. Hakuna kona! Shina linageuka tawi taratibu. Mwanafizikia Claus Mattheck wa Karlsruhe, Ujerumani, alieleza kwamba mti huongeza mbao pale mkazo unapozidi, mpaka uso wake ubebe mzigo sawasawa. Akatoa na njia ya kuchora isiyohitaji kompyuta. Unaziba kona mraba kwa pembetatu ya nyuzi 45; katikati ya mstari wake wa mshazari unaanzisha nyingine, ya nyuzi 22.5, ikilalia mkono. Kisha ya tatu, nusu tena. Mwisho unalainisha vipembe vilivyobaki. Nachora juu ya boksi, nakata kwa wembe.

Saa 7. Ugali wa mtama na mlenda. Babu mlinzi amejenga tembe nyingi ujanani, zile nyumba za udongo zenye paa bapa.

"Babu, panda ya nguzo mlikuwa mnaichonga?"

"Aa, mjukuu wangu. Tunaitafuta porini ikiwa imeota hivyo. Ukichonga umekata nyuzi za mti, boriti itaipasua."

Nimesoma miaka mitano chuoni, na hili sikuwahi kuambiwa kwa uwazi namna hii.

Saa 8 hadi 10. Kukata bamba, kuchomelea, kusaga kwa grinda. Namsihi fundi asiache hata kovu moja kwenye mkunjo.

Saa 11 jioni. Mifuko minane. Kimya. Tunaongeza miwili. Napitisha kidole kwapani, chuma bado cha moto, laini. Tumekubaliana mzigo ulale hapohapo. Babu atauchungulia kwa tochi.