Siku moja maishani mwangu: kuithibitisha dopamini kwa uzi wa kaboni

Saa 1:00 asubuhi

Kazi yangu ni kupima dopamini, kemikali ambayo neva za ubongo hutumia kupelekeana ujumbe. Naanza na elektrodi, yaani ncha ya kupitishia na kupimia umeme, maana elektrodi mbovu huharibu siku nzima. Uzi wa kaboni wenye kipenyo cha mikromita 7 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) umeshaingizwa ndani ya mrija mwembamba wa kioo, na mashine imeuvuta mrija kwa joto mpaka kioo kikaubana uzi. Kilichobaki ni kukata ncha inayochomoza. Nauelekeza wembe chini ya hadubini, nasogea taratibu, nabonyeza. Ukibaki urefu wa kama mikromita 100, inatosha. Kisha nakagua pale kioo kinapokutana na kaboni. Pakiwa na ufa, hata mdogo sana, maji yatapenya na mkondo wa umeme utayumba kutwa. Zenye ufa naziweka kando, nzima naziloweka kwenye isopropanoli, aina ya alkoholi ya kusafishia.

Saa 2:30

Vipande vya ubongo. Kazi ya panya hufanyika kwa kibali cha kamati ya maadili, na mnyama hulazwa kwanza kwa dawa asisikie chochote. Hapa sina haraka, na sipendi kufanya kazi na mtu mwenye haraka. Ubongo unakatwa vipande vyenye unene wa mikromita 300 ndani ya myeyusho wa chumvi uliopoozwa karibu kuganda, huku ukipulizwa oksijeni 95% na kaboni dioksidi 5%. Baada ya hapo vipande vinapumzika saa nzima. Seli zilizotoka kukatwa hazina habari ya kuaminika.

Saa 4:00

Elektrodi inaingia kwenye myeyusho, mlango wa kizimba cha chuma unafungwa ili kuzuia kelele za umeme wa jengo, na kompyuta inaanza kuipandisha na kuishusha volti: kutoka -0.4 hadi +1.3, kisha kurudi, kwa kasi ya volti 400 kwa sekunde. Kwenda na kurudi huchukua milisekunde 8.5. Robo saa ya mwanzo naiendesha mara 60 kwa sekunde ili uso wa kaboni utulie, halafu naishusha hadi mara 10, ambayo ndiyo kasi ya kurekodia.

Kati ya safari moja na nyingine elektrodi inakaa kwenye -0.4. Muda huo dopamini, ambayo ina chaji chanya, inavutwa na kujibandika juu ya kaboni. Volti ikipanda hadi karibu +0.6, kila molekuli inatoa elektroni 2 na kugeuka kemikali nyingine, kwinoni. Ikirudi chini, karibu na -0.2, kwinoni inazichukua elektroni 2 na kuwa dopamini tena. Elektroni hizo ndizo tunazozipima.

Ila kubadilisha volti kwa kasi namna hiyo kunazalisha mkondo mwingine, wa kuuchaji uso wa kaboni wenyewe, nao ni mamia ya nanoampea (nanoampea ni sehemu ya bilioni ya ampea). Dopamini inatoa nanoampea chache. Ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona kando ya mashine ya kusaga. Kinachotuokoa ni kwamba mkondo huo mkubwa hubaki uleule kwa sekunde nyingi, kwa hiyo tunaurekodi kabla ya kuzichochea neva, kisha tunautoa. Kinachosalia ni kilichobadilika tu. Ndiyo maana njia hii haikwambii ubongo una dopamini kiasi gani umetulia. Inakwambia imepanda au imeshuka kwa kiasi gani, na inafanya hivyo kila baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Sijui njia nyingine ya kemia iliyonifundisha subira kama hii.

Saa 5:10

Kipande kiko kwenye bafu dogo, nyuzi joto 32. Nashusha ncha ya kaboni mikromita 80 ndani ya straitamu, eneo la ndani ya ubongo lenye dopamini nyingi, na pembeni yake elektrodi ya kuchochea. Mpigo mmoja: mikroampea 300, milisekunde 4.

Kwenye skrini muda unakwenda kushoto kwenda kulia, volti inapanda na kushuka kwa wima, na mkondo unaonyeshwa kwa rangi. Kwa sekunde chache ni vumbi la kahawia tu. Halafu doa la kijani linachanua pale kwenye +0.6, na chini yake doa la buluu kwenye -0.2. Yanafifia polepole ndani ya sekunde moja au mbili, kwa sababu protini zilizo kwenye utando wa neva zinairudisha dopamini ndani. Tunasubiri dakika 5 neva zijaze vifuko vyake vya kuhifadhia dopamini, tunapiga tena. Doa lilelile. Tunahamia eneo la pili, nako vivyo hivyo.

Saa 7:20 mchana

Eneo la tatu, safari hii kwa mfululizo wa mipigo.

"Dada, imepanda! Tena kubwa kuliko zile za asubuhi," anasema mwanafunzi ninayemfundisha.

"Imepanda nini, mdogo wangu?"

Ananyamaza, anavuta umbo la mkondo dhidi ya volti na kuliangalia. Kilele cha +0.6 hakipo. Kuna vinundu kadhaa vilivyosambaa, na upande wa kurudi hauna kitu cha kueleweka. Hayo ni mabadiliko ya pH, yaani kiwango cha asidi: uso wa kaboni unahisi haidrojeni pia, na mkondo wa kuchaji unasogea.

Hapo ndipo moyo wa kazi hii ulipo. Elektroni haina jina. Mkondo unaopanda baada ya kuchochea neva ni mkondo tu, mpaka umbo lake likupe sababu ya kuuita dopamini. Ralph Adams wa Chuo Kikuu cha Kansas alipofungua njia kwa kuweka elektrodi kwenye ubongo wa panya, mwaka 1973, sehemu kubwa ya kilichokuwa kikioksidishwa, yaani kikipoteza elektroni, ilikuwa asidi askobiki (vitamini C), ambayo ubongo umejaa nayo kwa mamia ya mikromola (kipimo cha wingi wa kemikali kwenye myeyusho). Dopamini iko chini yake sana. Fani nzima iliyofuata, kuanzia nyuzi za kaboni za François Gonon huko Lyon hadi volti za kasi za Julian Millar huko London, imekuwa jitihada ya kuvitenganisha hivyo viwili.

Na hata umbo halitoshi. Noradrenalini, kemikali nyingine ya neva, hutoa umbo ambalo huwezi kulitofautisha na la dopamini. Tunaiamini straitamu kwa sababu ina noradrenalini kidogo mno, na kwa sababu ya kinachofuata mchana huu.

Saa 8:30

Tunarudi eneo la pili na kuongeza nomifensini, dawa inayoziba njia ya dopamini kurudi ndani ya neva. Mpigo uleule. Doa la kijani sasa linachelewa kufifia, linajivuta upande wa kulia wa skrini. Kisha kipande kingine, myeyusho usio na kalsiamu: tunapiga, hakuna kitu, maana vifuko havifunguki bila kalsiamu. Tunairudisha kalsiamu, doa linarudi. Sasa naweza kusema ni dopamini na nikalala.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha rekodi ya dopamini kutoka kwenye ubongo wa mgonjwa wa Parkinson aliyekuwa macho kwenye upasuaji. Mtu huwezi kumwondolea kalsiamu ili ujiridhishe. Uthibitisho wote lazima ujengwe nje yake, kwenye vipande kama hivi, na nadhani kazi hii haipewi uzito inaostahili.

Saa 10:00 jioni

Kupima usahihi. Elektrodi zilizogusa ubongo hupoteza ukali kwa sababu protini hung'ang'ania kaboni, kwa hiyo nazipima baada ya kazi: pampu inapitisha mikromola 1 ya dopamini, nasoma nanoampea. Akiba ya dopamini huwekwa kwenye asidi, vinginevyo hewa huioksidisha na kuigeuza kahawia kabla hujaitumia.

Saa 12:15

Daftari. Eneo la tatu nimeandika "pH, haliingii kwenye wastani." Kesho ni serotonini, nayo ni kemikali ya neva, na mpango wa volti unabadilika wote: kuanzia +0.2 kwenda +1.0, kushuka hadi -0.1, kurudi +0.2, kwa volti 1000 kwa sekunde. Mazao ya serotonini hugandamana juu ya kaboni na kuifubaza, na kasi hiyo inawahi kabla hayajashika. Programu nimeshaibadilisha, na mwanafunzi ameomba aendeshe yeye.